Nimenunua sofa "jipya" milioni 1.85 hapa Mwanza, nimelipindua nimekuta miba ya sato

#1 Mkerewe wa Bugarika

Wakuu habari za saa hizi. Mi sio mtu wa kuanzisha nyuzi, nina miaka kama sita humu kazi yangu kusoma na kupita kimya kimya, ila leo nimejaa mpaka hapa shingoni, naombeni mnisikilize af mniambie kama mjinga ni mimi au vipi.

Iko hivi. Bi mkubwa wangu anaishi Nansio, kisiwani Ukerewe, hajawahi kufika kwangu tangu nihamie hapa Bugarika, na alishasema mwezi huu anapanda meli anakuja kuona mwanae anaishije. Sasa mi sebuleni nilikuwa na viti vya plastiki vinne na redio. Nikasema hapana, maza hawezi kutoka kisiwani aje kukalia kiti cha plastiki kama yuko msibani. Nikavunja kibubu, na mchezo ulikuwa umefika zamu yangu, nikajikusanya nikapata hela ya kueleweka.

Nikaingia duka moja la fenicha mjini kati. Jina siweki, moderata watanifungia bure, ila ni yale maduka ya vioo, ukiingia kuna kiyoyozi unapewa na maji ya kunywa. Dada wa pale alinipokea vizuri mpaka nikaona aibu, ananiita boss, karibu boss, kaa boss, sikia inavyobonyea boss. Sofa la kona, la kijivu, watu sita wanakaa bila kusukumana. Milioni 2 na laki 1, tukavutana mpaka 1,850,000, na usafiri elfu 30 juu yangu. Nikalipa hapo hapo kwa lipa namba. Ilikuwa Jumamosi, wakasema Jumapili mchana mzigo utakuwa kwako.

Jumapili sikutoka. Nimefagia, nimetoa viti nje, nimekaa chini nasubiri. Saa kumi napiga simu, gari limeharibika. Jumatatu, dereva kafiwa. Jumanne saa moja usiku ndo kirikuu inafika huku chini barabarani, vijana wawili wanashusha sofa kwenye vumbi wananiambia bro kazi yetu mwisho hapa. Wenyeji wa Bugarika mnajua hali, kutoka barabarani mpaka kwangu ni ngazi na mawe, kuna sehemu mnapishana kwa ubavu. Nikatoa elfu 20 nyingine kwa vijana wa mtaani, tukalipandisha na tochi za simu, jasho linatiririka, mama mwenye nyumba anapiga kelele tusimgongee ukuta.

Asubuhi naamka, mwanga wa jua umeingia, naona kile kipande cha kona ni cha rangi nyingine. Kijivu ndio, lakini vile vingine ni kijivu cha wingu na hiki ni kijivu cha majivu ya jikoni. Nikajifariji labda ni mwanga. Alhamisi nimerudi kazini nikakaa hapo kwenye kona nivue viatu, sijarukia, nimekaa kama binadamu, nikasikia KAAH, kama kuni imevunjwa kwa goti, na makalio yakazama.

Nikamwita jirani tukalipindua. Chini kuna kile kitambaa cheusi kimepigwa pini. Jirani yangu macho yake makali, akaniambia hebu angalia hapa. Pembeni ya pini mpya kuna matundu ya pini za zamani, mstari kwa mstari, yamejaa kutu. Nikabandua kitambaa kidogo nikaingiza mkono. Nimetoa vifuatavyo: kibanio cha nywele cha pinki, kifuniko cha soda, sarafu ya mia mbili, na miba miwili ya sato, ile ya mgongoni, mikavu kabisa imekuwa kama sindano.

Mi naishi peke yangu. Sina mtoto, sina mwanamke wa kubana nywele, na tangu sofa liingie nimekula ugali na maharage tu maana hela yote iko kwenye sofa.

Sasa njooni kwenye huduma kwa wateja. Ile namba waliyoandika kwenye karatasi inaita mpaka inakata. Nikatuma picha WhatsApp, ikarudi hapo hapo meseji ya kujiendesha, "Asante kwa kutuchagua, faraja yako ni furaha yetu". Nikatuma picha ya miba. Asante kwa kutuchagua. Nikaandika nyie ni matapeli. Asante kwa kutuchagua, faraja yako ni furaha yetu. Baadae zikatokea tiki mbili za bluu na kimya.

Nimeenda dukani mara nne. Mara zote meneja kaenda benki. Safari ya nne nikamuuliza yule dada, hivi hiyo benki meneja ndo anayeideki? Hajacheka, na lile neno boss sikulisikia tena, sasa hivi naitwa kaka, kaka subiri pale nje.

Maza anafika wiki ijayo Ijumaa. Naombeni ushauri wakuu, nifanyeje.

#2 Mzee wa Furu

Nimevuta kigoda. Endelea mkuu.

#3 Sipiti Bila Picha

Bila picha hii ni chai ya rangi. Weka miba tuione

#4 Mkerewe wa Bugarika

Nimeweka picha tatu hapo juu. Mwiba nimeupima na kijiti cha kiberiti umezidi urefu.

#5 Sipiti Bila Picha

Nimeona. Nimefuta usemi. Ila huyo sato alikuwa mkubwa, aliyekalia hilo sofa kabla yako alikuwa na maisha mazuri kukuzidi

#6 Binti Kirumba

Pole sana kaka. Mimi kabati la nguo lilinifanya hivo hivo mwaka juzi, mlango mmoja haufungi, kila nikiwapigia wananiambia fundi yuko njiani. Hiyo njia ya fundi sijui inapitia wapi maana mpaka leo mlango nimeufunga kwa kamba ya kanga. Swali langu moja tu, risiti walikupa? Ya mashine, sio karatasi ya kalamu.

#7 Mkerewe wa Bugarika

Dada asante. Walinipa zote mbili. Ya kalamu imeandikwa sofa 1, 1,850,000, na chini kuna muhuri "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Ya mashine ndo naiangalia sasa hivi vizuri kwa mara ya kwanza... imeandikwa 450,000.

Ngoja kwanza.

#8 Ngosha Mpole

Hahahaaa "ngoja kwanza". Mkuu umeshika mkia wa chui na hujui, tulia wajuzi waje.

#9 Seremala Nyakato

Mkuu pole, mi ni fundi sofa nipo Nyakato huku, mwaka wa kumi na kitu kwenye kazi. Nimeziangalia picha zako. Ngoja nikwambie ninachokiona.

Hiyo fremu ni paini na ilifungwa ikiwa mbichi. Ona pale ilipovunjika, mbao imeachana na mwenzake kwenye kiungo, yenyewe katikati haijakatika. Mbao ikiwa na maji unaigonga misumari inashika vizuri, baadae ikikauka inanywea, msumari unabaki kwenye tundu kubwa unacheza. Hapo hakuna gundi, hakuna skrubu, hakuna kile kipande cha pembe tatu cha kukaza kona. Ni misumari na sala. Na zile belti za chini naona ziko nne, kwa upana ule zingetakiwa nane au tisa na zisukwe, moja juu moja chini kama mkeka.

Kuhusu rangi, hicho kipande cha kona kimevalishwa kitambaa kipya cha jora lingine. Vipande vingine inaonekana wameviosha tu. Kwa iyo lile lilikuwa sofa la mtu, likarudi.

Watu wakinunua sofa wanabonyeza sponji wanafurahi. Sponji hata ya densiti 18 ikiwa mpya inabonyea vizuri, njoo uiangalie baada ya miezi sita imekuwa chapati. Ya kukalia ulizia kuanzia 30 kwenda juu. Na kabla hujalipa shika mguu mmoja wa mbele unyanyue kama shibiri moja, angalia ule mguu wa mbele wa upande mwingine, kama wenyewe bado umeganda chini ujue fremu inajikunja, ondoka. Af lipindue. Muuzaji akikukatalia kupindua, na wewe mkatalie hela.

Na usidanganywe na "mninga mninga". Mninga inatoka Tabora na Katavi huko, bei yake unaijua, hakuna mtu ataificha ndani ya kitambaa. Ndani paini iliyokauka vizuri inatosha kabisa.

Nikufanyie kazi? Naweza kukurudishia hiyo kona, Jumamosi unaipata.

#10 Ngosha Mpole

Fundi umeongea vizuri mpaka nikataka kulia, halafu ukaharibu mwishoni. Jumamosi IPI? Maana mimi fundi wangu wa Buzuruga alinambia Jumamosi, nikapeleka advansi ya laki 3, Jumamosi nimefika nakuta mbao hazijanunuliwa, anasema msumeno ulikuwa hauna umeme. Jumamosi ya pili kauguliwa. Ya tatu namkuta amemaliza kitanda kizuri sana, nafurahi, kumbe cha mtu mwingine. Kitanda changu nimekipata mwezi wa tatu baadae na kimezidi mlango, ikabidi tukikate miguu. Watu wanakimbilia maduka ya vioo sababu yenu nyie mafundi.

#11 Seremala Nyakato

Mkuu usituweke wote kapu moja.

#12 Mke wa Seremala Mwingine

Ngosha kasema kweli tupu na mi naishi naye.

#13 Baba Swaumu Sengerema

Nimeingia kwa pembeni kidogo ila ni mule mule. Mimi niko Sengerema, nilinunua kitanda na meza ya chakula hapo Mwanza. Kwenye karatasi ya usafiri wameandika mafuta, dereva, upakiaji, halafu "kivuko Kigongo" kwenda na kurudi. Nikauliza dada kivuko gani? Akasema si mnavuka maji. Nikamwambia daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3, gari linateleza dakika chache limeshafika Busisi, hicho kivuko unachonichaji kinaelea wapi? Akasema ndo bei ya kompyuta. Nikamwambia basi kompyuta yenu bado imepanga foleni Kigongo inasubiri pantoni. Walitoa ile hela ila walininunia, na meza ikaja na viti vitano badala ya sita.

#14 Mzee wa Furu

Kiti cha sita kimebaki kwenye pantoni mkuu

#15 Tajiri wa Nyegezi

Mi nitakuwa tofauti. Mleta uzi na wewe una makosa yako. Umenunua kitu cha karibu milioni mbili hukukagua, umelipa yote kabla mzigo haujafika, af umelipandisha sofa usiku kwenye mawe na vijana wa kuokoteza. Duka wakisema limevunjikia kwenye mawe utawajibu nini? Tuache kulalamika kwa kila kitu, biashara ni ngumu, ninyi hamjui kodi za fremu za biashara mjini.

#16 Mkerewe wa Bugarika

Mkuu la kukagua nakubali, nilibonyeza sponji nikaishia hapo, ujinga wangu. La mawe pia wameshalisema, yule dada aliniambia "labda mmelidondosha". Sawa tuseme tumelidondosha. Likidondoka linaota miba ya sato?

#17 Binti Kirumba

😂😂😂 Nyegezi jibu hapo

#18 Niliwahi Kuwa Humo

Nimefungua akaunti kwa ajili ya huu uzi. Nimeuza fenicha dukani hapa Mwanza miaka mitatu, sisemi duka gani na sio lazima liwe hilo, nimeshaacha sasa hivi nauza dagaa zangu kwa amani.

Inaitwa "mzigo wa kurudi". Mteja wa mkopo akishindwa kumalizia, sofa linafuatwa. Au sofa lilikodishwa kwa shughuli. Linaletwa stoo, linapigwa brashi na sabuni, palipochanika wanabadilisha kitambaa, linapuliziwa ile pafyumu ya gari, linapelekwa mbele kwenye taa. Sisi wauzaji tulikuwa tunaambiwa mteja asipouliza usiseme. Akiuliza, sema ni la maonyesho.

Na hilo la meneja kwenda benki jamani, mara nyingi meneja yupo nyuma ya lile pazia anakusikia. Yule dada usimchukie sana, mi nilikuwa yule dada. Unasimama toka saa mbili asubuhi na viatu vya kisigino, mteja anakutukana kwa kosa ambalo hukulifanya, ukimwambia ukweli unafukuzwa, na kamisheni yenyewe wanakata mzigo ukirudi. Ndo maana wanapigana usirudi.

Ukienda, usiende Jumatatu. Nenda Jumamosi saa tano, wateja wakiwa wamejaa.

#19 Sheria ya Kijiweni

Mkuu mi sio wakili, nilisoma mambo haya kidogo maisha yakanipeleka kwingine, ila nisikilize.

Ule muhuri wa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" usikutishe. Huo ni kwa mtu aliyenunua, akafika nyumbani akaona rangi haiendani na pazia. Hauwezi kumfunika muuzaji aliyekudanganya. Sheria ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kiendane na maelezo kilichouzwa nayo, ukiambiwa jipya ni jipya. Na kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza muuzaji kumpotosha mlaji, na kusema kitu kilichotumika ni kipya ni upotoshaji wa mchana kweupe. Unaweza kupeleka malalamiko huko, na unaweza pia kufungua madai mahakama ya mwanzo, kiasi chako hicho kinaingia bila shida.

Ila nataka urudi kwenye risiti. Umelipa 1,850,000 kwa lipa namba, meseji ipo kwenye simu. Risiti ya mashine inasoma 450,000. Hiyo milioni moja na laki nne imeenda wapi? Mwenye duka anajua swali hilo akiulizwa na TRA, watu wa kodi, atakuwa anajibu akiwa amesimama. Si ndo kila siku tunaimbiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Sikwambii umtishe. Nakwambia ziweke zote mbili kwenye bahasha moja, upige kopi, af uende ukaongee kwa adabu.

Andika barua, weka tarehe, waambie wakusainie kuwa wamepokea. Wakikataa kusaini andika "wamekataa kusaini" na saa. Hayo ya WhatsApp usifute, hata hiyo ya asante kwa kutuchagua.

#20 Mkerewe wa Bugarika

MREJESHO WA KWANZA

Nimeenda leo Jumatano, najua niliambiwa Jumamosi ila uvumilivu uliisha. Nimebeba barua, kopi, na miba kwenye kopo la kiberiti.

Meneja nimempata! Alikuwa anatoka chooni hakuwa na pa kukimbilia. Mtu mpole kabisa, anaongea taratibu, akanikaribisha akasoma barua mpaka mwisho. Kisha akafungua kopo, akautazama mwiba, akasema, nanukuu, "Kaka hapa Mwanza miba ya samaki ipo kila mahali." Nikamwambia mpaka ndani ya sofa iliyofungwa pini? Akasema inaweza kuingia kiwandani. Nikamuuliza kiwanda kiko wapi? China. Nikamuuliza wachina wa kiwandani wanakula sato na kuchezea mia mbili ya Tanzania?

Akanyamaza kama dakika nzima. Af akasema ile mia mbili unayo? Nikasema ninayo. Akasema kama imetoka kwenye sofa yetu inabidi uirudishe kwanza ndo tuendelee na utaratibu. Wakuu nawaapia sijatunga, nilitafuta kamera nikidhani wananirekodi.

Mwishoni ofa yake ni hii, watatuma fundi aje kugonga msumari, juu yangu elfu 60. Kubadilisha hawawezi, hela hairudi, boss yuko Dar. Barua hakusaini, nimeandika amekataa, saa tano na dakika ishirini. Risiti nilipoigusia alibadilika uso, akasema hiyo ni makosa ya mashine atafuatilia.

Maza anatua keshokutwa. Nimelipanga sofa, ile kona nimeweka tofali mbili chini na mto juu.

#21 Mzee wa Furu

"Ile mia mbili unayo" 😂😂 nimemwaga uji

#22 Sheria ya Kijiweni

Ametaja makosa ya mashine mbele yako? Safi. Andika na hilo.

#23 Tajiri wa Nyegezi

Hapo kwenye mia mbili hata mimi wamenishinda.

#24 Mkerewe wa Bugarika

MREJESHO WA PILI, nisameheni mlionitumia pm, kuna mambo yalitokea.

Maza kafika Ijumaa, nimempokea bandarini na furushi lake na kuku mmoja hai, tukapanda mpaka nyumbani, ngazi zimemchosha, kaingia, kaona sofa, akapiga kigelegele. Roho yangu ikatulia. Nikamwambia mama kaa upande huu. Akakaa kule kule kwenye kona. Tofali lilimpokea, hakuumia, ila aliinuka akaniangalia vile mama anavyokuangalia ukiwa na miaka saba na umevunja chungu. Ikabidi nimwambie yote.

Hakusema neno. Akala, akalala. Jumamosi asubuhi namkuta kashavaa kitenge chake kizuri, kashika kikapu, "twende kwa hao watoto."

Tumefika saa tano kasoro, duka limejaa kama alivyosema yule mwenye akaunti mpya. Nikajua anaenda kugomba, nikaanza kuona aibu mapema. Wala. Kaingia, kasalimiwa shikamoo mama, kaitika marahaba wajukuu zangu, akapewa maji, akaenda akakaa kwenye sofa kubwa kuliko yote lile la mlangoni, akavua ndala. Dada akamuuliza mama tukusaidie nini? Akasema namsubiri meneja. Meneja kaenda benki. Akasema, "Nitamsubiri, mimi sina haraka, meli yangu ni Jumanne."

Akatoa kwenye kikapu kile kikopo cha kiberiti akakiweka juu ya meza ya kioo, kikiwa wazi. Halafu kila mteja anayeingia anamsalimia. "Hujambo mwanangu, unanunua sofa? Nunua, ni mazuri. Ila lipindue kwanza uangalie chini, sisi letu tumekuta miba ya samaki." Kwa upole kabisa, kama anamwelekeza mtu njia. Kuna mama mmoja na mumewe walikuwa wanahesabu hela pale kaunta, yule mama akamwambia mumewe, hebu kwanza tulipindue. Vijana wa duka wakasema haliruhusiwi kupinduliwa. Hela ikarudi kwenye pochi mbele ya macho ya wote.

Dakika arobaini, wakuu. Wateja wanne wameondoka. Meneja akatokea nyuma ya pazia (uliyeniambia pazia, heshima kwako). Akamwamkia maza, akapiga goti nusu, mama njoo ofisini tuzungumze. Maza akamjibu hapa pananitosha, kiti chenu kizuri.

Hapo ndo mi nikatoa bahasha, nikamwekea meseji ya malipo na risiti ya mashine, bega kwa bega, sikuongea. Akapiga simu, nadhani kwa huyo boss wa Dar, akaenda pembeni akarudi.

Nimerudishiwa 1,850,000 yote hapo hapo kwa simu. Elfu 30 ya usafiri amesema haiwezekani, na elfu 20 ya mawe nimeisamehe mwenyewe. Kirikuu yao imekuja jioni ile ile kulichukua, na safari hii vijana wamelishusha mawe yote mpaka chini bila kuniomba hata mia. Maana gari la kuleta linakosa dereva siku tatu, la kuchukua limefika siku ile ile.

Wakati tunatoka dukani meneja kamwambia maza karibu tena mama. Maza akamwambia asante, akachukua kikopo chake.

#25 Binti Kirumba

Nimelia na kucheka kwa pamoja. Huyo mama nimkodi anisaidie mlango wa kabati, anachaji bei gani?

#26 Sheria ya Kijiweni

Na bahasha imefanya kazi yake pia msiisahau jamani.

#27 Ngosha Mpole

Bahasha gani, ni mama peke yake. Bahasha ilikuwa na meneja tangu Jumatano na bado anadai mia mbili.

#28 Sheria ya Kijiweni

Mkuu risiti ndo iliyompigisha simu Dar, soma vizuri.

#29 Niliwahi Kuwa Humo

Wote mko sahihi, ila mi kilichonifurahisha ni kuvua ndala. Mkeka wa kuonyeshea wateja ule huwa hawaruhusu hata sisi kuukanyaga.

Af naomba tu, hilo sofa litarudi mbele kwenye taa wiki hii hii. Mwenye mpango wa kununua la kijivu la kona apitishe mkono chini.

#30 Baba Swaumu Sengerema

Wabheja sana kwa mrejesho. Mama akirudi apitie kwangu, kuna kiti cha sita nakidai.

#31 Sipiti Bila Picha

Na mia mbili ilirudishwa?

#32 Mkerewe wa Bugarika

Ninayo hapa mezani.

#33 Mzee wa Furu

Sasa mkuu mnakalia nini na bi mkubwa yupo?

#34 Mkerewe wa Bugarika

Mkeka. Anasema hata hivyo lile sofa lilikuwa linamvuta kiuno. Kuku naye tumemchinja jana. Hela nimeigawa, Seremala Nyakato nimemtafuta pm tumekubaliana sofa la kawaida tu, watu wanne, paini iliyokauka, gundi na skrubu, belti tisa, na nitaenda kulipindua mwenyewe kabla halijavalishwa kitambaa. Nimempa advansi nusu. Kasema Jumamosi.

#35 Ngosha Mpole

Jumamosi ipi?